Msimu Usio na Kombe

Hotuba ya kufungua msimu wa tamthilia za wanafunzi na za zama zetu, uani mwa Ngome ya Lamu

Assalamu alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.

Masheikh wetu na masharifu, wazee wa mitaa, mama zetu, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliopanda ukutani mkidhani sijawaona. Shukrani nitazitoa kwa jumla ili tusikeshe: waliotupa ua huu, waliotuazima mikeka, waliotubebea mbao kutoka gatini kwa punda na kwa mkokoteni, na waliotia saini karatasi zetu za ruhusa bila kutuuliza mara mbili. Waliotuuliza mara mbili nao nawashukuru. Walitufanya tuisome upya miswada yetu.

Tumekuja na tamthilia tano. Mbili ni za waandishi mnaowajua, tatu zimetungwa na wanafunzi wa idara yetu chuoni, na mmoja wao ni mtoto wa mtaa wa Langoni, hapa Lamu. Zitapokezana hapa wiki nzima. Jambo moja nataka lieleweke mapema: hakuna kombe. Hakuna cheti, hakuna mwigizaji bora wa kike wala wa kiume, na hakuna mtu atakayekaa kwenye meza ya mbele na kalamu akiwapa vijana alama.

Nalisema kwa sababu karibu kila Mkenya aliyewahi kupanda jukwaani alipanda kushindana. Tamasha la drama la shule zetu limekuwako tangu 1959, na mimi si mtu wa kulisema vibaya. Wengi mtakaowaona wiki hii wametoka huko, na huko ndiko walikofundishwa kuitoa sauti ikafika nyuma ya ukumbi usio na kipaza sauti. Ila kuna ugonjwa wanaokuja nao chuoni. Mchezo uliotungwa kwa ajili ya mwamuzi utaujua kwa mwisho wake. Fisadi anatiwa pingu, mlevi anatubu, msichana anarudi shule, kisha mhusika mmoja anasogea mbele, anawakodolea watu macho na kuwaeleza kile walichokwisha kukiona. Ngoma inapigwa, wote wanacheza, kwisha. Watu wanapiga makofi, na kabla hawajafika mlangoni wameshaanza kuzungumza bei ya unga.

Mtusaidie kuwaponya hawa vijana na mwisho wa namna hiyo. Ndilo ombi langu usiku huu, na kwa adabu tupu hamtaweza kutusaidia.

Nyinyi hamna haja ya kufundishwa hili, kwa maana hadithi kubwa ya pwani hii haikumalizwa kwa mawaidha. Muhamadi Kijuma, mtu wa hapa hapa, mshairi, mwandishi wa khati, mchonga mbao na mwanamuziki, aliyefariki mwaka 1945, ametuachia utendi wa Fumo Liyongo, shujaa wa zamani wa pwani, aliouandika mwaka 1913. Tazameni mambo ya jukwaani yaliyomo mle. Liyongo yu gerezani. Mikate mizuri anayoletewa huliwa na walinzi. Basi mama yake anampelekea mkate wa wishwa, yaani pumba, kwa mkono wa kijakazi Saada, walinzi wanaudharau, wanaupitisha, na ndani ya mkate mna tupa. Halafu Liyongo anawatungia watu wimbo wa gungu, ngoma ya zamani ya pwani. Nje gungu linapamba moto, ndani yeye anakata minyororo, na hakuna anayeisikia tupa. Mwandishi gani wa leo hatamani kuwa amelitunga onyesho hilo?

Na kifo chake je? Mwana wa kumzaa mwenyewe anamdunga sindano ya shaba kitovuni akiwa usingizini. Liyongo anaamka, anatwaa uta, anakwenda kupiga goti karibu na kisima, mshale tayari. Anakufa vivyo hivyo alivyo. Watu wanamwona kwa mbali, wanadhani yu hai, hakuna anayethubutu kwenda kuteka. Mji mzima unakaa na kiu kwa kumwogopa maiti. Hakuna aliyesogea mbele kutueleza maana yake, na mpaka leo, ukitaka baraza lichangamke, wewe uliza tu kama yule mwana alidanganywa au alijua alitendalo.

Kithaka wa Mberia aliichukua sindano hiyo akaitia katika Kifo Kisimani, tamthilia iliyotoka mwaka 2001. Nchi ameiita Butangi, mtawala ni Mtemi Bokono, shujaa ni Mwelusi, na mwenye sindano ni Gege. Wapo kati yenu walioisoma sekondari kwa ajili ya mtihani, wakaandika sifa za Bokono kwa hoja kumi zenye mifano, na hawajapata kuiona ikichezwa mpaka leo. Kesho mtaiona, tena ndani ya jengo lililokuwa gereza tangu 1910 mpaka 1984. Kuna wazee hapa wanaokumbuka lango hili likifungwa kwa kufuli. Mwanafunzi anayecheza Mwelusi aliniomba tusijenge mandhari ya gereza hata kidogo. Nikakubali. Kuta zenyewe zinatosha, na mbao tumeziokoa.

Kilichotusumbua ni ile sindano, kwa sababu haionekani. Mtu aliyekaa mkeka wa nyuma, usiku, ataonaje kitu chembamba mkononi mwa kijana? Wanafunzi walianza na kisu, nikakikataa. Kisu kinaua mtu yeyote. Gege anaijua siri ya mwili wa Mwelusi, na siri hiyo ndiyo usaliti wenyewe. Mwishowe fundi mmoja wa kijiji cha Matondoni akatuazima sindano yake ya kushonea matanga. Gege anaichomoa taratibu kutoka kwenye pindo la shuka, anaipitisha mbele ya taa ya chemli ikametameta, anasimama akisikiliza pumzi za Mwelusi aliyelala. Mazoezini, ilipofika hapo, kijana wa taa akazima taa zake zote bila kuambiwa na mtu, ikabaki chemli peke yake. Tumeliacha liwe hivyo.

Ya pili ni Nguzo Mama ya Penina Muhando, ya mwaka 1982. Wanawake wa Patata, kuanzia Bi Moja mpaka Bi Nane, wanataka kuisimamisha nguzo yao. Wanavuta, wanagombana, wanasengenyana, na Bi Msimulizi anatuhadithia. Nguzo haisimami. Imepita miaka zaidi ya arobaini haijasimama, na kila nikiwapa wanafunzi mchezo huu hatokosekani mmoja wa kuniambia, "Mwalimu, si tuisimamishe tu mwishoni, watu waende nyumbani na furaha?" Namwambia akatunge wake.

Na wametunga.

Wa kwanza ni wa yule kijana wa Langoni. Ni kisa cha nyumba ya mvuvi na fidia. Mambo haya mnayajua kunishinda: mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya ujenzi wa bandari mpya, na gati la kwanza la bandari hiyo likafunguliwa Mei 2021. Lakini mchezo hauna hakimu wala wakili, na meli haionekani hata moja. Kuna ndugu watatu, na kuna suala la nani ahesabiwe kuwa mvuvi. Ni mwenye mashua? Ni anayeshuka majini? Au ni mama yao, ambaye miaka yote ameuza pono na changu sokoni na jina lake halimo katika orodha yoyote?

Katika rasimu ya kwanza mama huyo alikuwa na maneno ya ukurasa mmoja na nusu: haki za wanawake, uchumi wa buluu, katiba na vifungu vyake. Tuliisoma rasimu ile katika nyumba moja ya mtaa wa Mkomani, mbele ya mama wa makamo waliokuwa wamekuja kwa shughuli zao. Walisikiliza mpaka mwisho, kisha mmoja akauliza, "Na mikono yake inafanya nini wakati wote huo?" Mwandishi akajibu kwamba amekaa. "Amekaa! Na samaki hao watajipaa wenyewe?"

Siku iliyofuata mwigizaji akapewa kisu, beseni, na changu wa kweli kutoka sokoni. Akaanza kupaa. Magamba yakaruka mpaka kwenye suruali ya mwongozaji. Kila alipofika penye neno zito, mkono ulikuwa umeshalisema, na mwandishi akawa anafuta huku tukimtazama. Ukurasa na nusu ukabaki mistari minne. Wa mwisho anauelekeza kwa mwanawe mkubwa bila kuinua uso: "Na mimi mumeniandika wapi?" Mwana hana jibu, na mwandishi, alhamdulillah, hakumpa.

Wapo wenzangu chuoni waliotaka Kiamu, lahaja ya Lamu, cha mama huyo kisafishwe, wakihofu kwamba mchezo ukipelekwa Kisumu au Eldoret hautafahamika. Mimi nimeona kiachwe. Mtu wa Kisumu anamjua samaki, na akimwona mama anapaa kwa hasira hatahitaji kamusi.

Mchezo wa pili wa wanafunzi sitausema sana, una siri katikati na nimekatazwa. Ni usiku wa vugo, ngoma ya harusi ya wanawake, bibi harusi yu ndani, pembe zinagongwa nje, na barua ya chuo imefika siku ile ile. Muangalieni shangazi.

Wa tatu ni wa kuchekesha, na ndio uliotupa tabu kubwa. Wahusika ni punda wawili, jike na dume, wanaobeba mawe ya kujengea kutoka ufukoni. Hawana vinyago wala mikia. Kila mmoja ana shogi, mfuko wa mizigo wa punda, mgongoni, basi, na tumezijaza mawe ya kweli, maana mwigizaji mwenye shogi tupu miguu yake hudanganya. Punda hawa wanapita vichochoroni na wanasikia kila kitu, kwa sababu hakuna mtu anayeshusha sauti eti punda anapita. Wanajua nani anauza nyumba ya urithi kwa mgeni, kwa bei gani, na ndugu yupi hajaambiwa. Nimekwisha kuulizwa na watu wawili watatu kama nyumba inayotajwa ni nyumba fulani. Sivyo. Aliyeutunga ni msichana kutoka Taveta, na aliandika kabla hajatia mguu Lamu. Mkiona ni nyumba ya jirani yenu, hilo mtamalizana wenyewe.

Mchezo huo una miisho miwili. Katika mmoja punda dume anamwambia yule ndugu kila kitu. Katika wa pili anabeba mawe yake, anakwenda zake. Mwandishi anaupenda wa kwanza, mimi naupenda wa pili, na tumebishana mpaka tumechoka. Usiku mmoja utachezwa hivi, usiku mwingine vile. Watakaokuja mara zote mbili watatuamua.

Sasa la wasichana, maana najua linazungumzwa na afadhali lizungumzwe hapa. Mzazi ameniuliza, kwa heshima kabisa, kwa nini binti asimame mbele ya wanaume asiowajua na kusema maneno ya mtu mwingine. Mimi mwenyewe ni mzaliwa wa mji huu na swali hilo silicheki. Kwanza niseme kwamba maonyesho si mageni kwa wanawake wa Lamu. Waliokuwa katika vyama vya ngoma ya lelemama walijua kupanga safu, kushona sare na kulijibu kundi la mtaa wa pili kwa wimbo wenye ncha. Anayesema wanawake wetu hawajui jukwaa hajaalikwa kwenye vugo, na kama ni mwanamume, ni kweli hakualikwa. Pili, tumetenga usiku mmoja wa Nguzo Mama uwe wa wanawake peke yao. Hata sehemu za wanaume zitachezwa na wasichana, taa zitashikwa na wasichana, na mlangoni watakaa mama zetu. Wanaume wote tutakaa nje, na mimi nikiwamo, nikingoja kusimuliwa.

Hakuna binti aliyepanda jukwaani bila mzazi kujua. Wawili walikatazwa nyumbani, nasi tukaheshimu. Mmoja wao ndiye aliyeshona maleba yote mtakayoyaona.

Kuhusu chuo kutoka nje ya kuta zake, hatukubuni sisi. Makerere walikuwa na kundi lao la kusafiri tangu 1965, likipeleka michezo mitaani na vijijini kwa lugha za watu wenyewe. Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanzisha lake mwaka 1974, bila kiingilio. Dar es Salaam walikuwa na idara ya sanaa za maonyesho tangu 1967, na Penina Muhando alifundisha hapo miaka mingi. Walioshiriki safari zile hukumbuka kwamba kijijini watu hawakungoja mwisho wa mchezo ndipo waseme. Walisema mchezo ukiendelea, na waigizaji wakalazimika kuwajibu.

Mazungumzo ya namna hiyo yamekuwa na gharama yake nchini mwetu. Mwaka 1977 wanakijiji wa Kamiriithu walijenga jukwaa lao la wazi, wakacheza mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Leseni ikaondolewa, Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini mwisho wa mwaka huo, na mwaka 1982 jukwaa likabomolewa. Mwaka huo huo wa 1982 akatiwa kizuizini Alamin Mazrui, mtu wa Mombasa, mwandishi wa Kilio cha Haki. Juzi tu, Aprili 2025, wasichana wa shule ya Butere walifika kwenye tamasha la kitaifa Nakuru wakaimba wimbo wa taifa na kuondoka bila kucheza mchezo wao, baada ya vuta nikuvute iliyofika mahakamani na mabomu ya machozi nje. Siyataji haya ili kujivika ushujaa. Punda wetu wawili hawajamtikisa mtu. Nayataja kwa sababu mzazi akiniuliza kama mtoto anaweza kupata matatizo kwa ajili ya mchezo, nitamdanganya nikisema haitokei.

La kazi nalo mtaniuliza, kwa hiyo nilimalize. Tangu Januari 2026 sekondari zetu za juu zina mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Watoto watakaouchagua watahitaji walimu, na walimu hao hawajatosha. Hilo ni jibu la mfukoni. Hawa walioko nyuma yangu hawakuja chuoni kwa ajili hiyo, na sitawasingizia.

Turudi kwenye msimu wenyewe, maana kuna kanuni.

Kila mchezo ukimalizika, taa hazizimwi. Mwandishi na waigizaji watakuja kukaa mkekani hapa mbele, na nyinyi mtasema. Tuambieni wapi mlichoka. Tuambieni ni mhusika gani hamkumwamini, na ni maneno gani ambayo mtu wa aina ile hawezi kuyasema. Mkisikia harufu ya mawaidha, semeni mmeisikia wapi. Mwandishi haruhusiwi kujibu. Atashika daftari na kalamu, atanyamaza. Kwake hiyo ni adhabu kubwa kuliko kukosa kombe. Na maneno "hongereni, mmejitahidi" tumeyapiga marufuku uani humu kwa wiki nzima. Mwenye nayo awangojee mlangoni awape wakiwa wanatoka.

Wale waliosomea kitabu, hasa walimu wa Kiswahili, nawaomba msiwatangulie wengine. Msituambie dhamira ni tatu na maudhui ni saba. Wapisheni mama wa sokoni na wavuvi waseme kwanza, halafu nyinyi.

Tunaanza kesho baada ya Isha. Ijumaa hatuchezi. Usiku wa wanawake umeandikwa kwenye tangazo pale mlangoni, tafadhali lisomeni vizuri, nisije nikalazimika kumtoa mtu. Watoto wakae mbele kabisa, warefu nyuma, na njia ya katikati iachwe wazi kwa sababu punda watapita hapo na shogi zao zina uzito. Simu zizimwe, anayetaka picha tutampa nafasi mwisho, kwa ridhaa ya waigizaji. Watu wa Shela, nahodha amekubali kungoja mpaka mazungumzo yaishe, ila hatamngoja mtu mmoja aliyebaki akibishana na mwandishi.

Na yule changu, kwa kuwa mmeshaanza kuniuliza, kila usiku atakuwa mpya, na hatupwi. Mama wa Mkomani wameshagawana zamu za kumpika.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.